Fundi Aliyekataa Lifti Yangu

Chai aliyomiminiwa yeye hakuinywa. Ukikaa naye pale kwenye yadi yake ya mafundi wa jua kali, Migori mjini, na mama wa kibanda akawaletea vikombe viwili, Fundi alivitazama vyote viwili, akakutazama wewe, kisha akachukua chako na kukusukumia chake. Hakuomba ruhusa wala hakueleza. Mara ya kwanza nilikasirika. Nikamwuliza kama anadhani nimekuja na sumu mfukoni. Akaipuliza ile chai yangu, akanywa, akasema, "Kama hukuweka kitu, mbona unauliza?"

Mimi si mtu wa kushindwa maneno na mtu yeyote. Shule niliiacha darasa la sita, nikaanza kuuza omena, dagaa wetu wa ziwani, kwa baiskeli, kutoka soko hadi soko, mpaka Ogwedhi kule mpakani ambako watu huleta ng'ombe na kurudi na kitoweo. Leo nina nyumba ya mawe, nina mifugo, na pikapu yangu inajulikana kutoka Mbita hadi mpaka wa Narok. Wenye digrii huniomba lifti. Lakini siku hiyo niliinywa chai ya Fundi bila kujibu, na tangu hapo kila nilipokaa naye nilikisukuma kikombe changu kwake kabla hajakiomba.

Watu walimwita Fundi wa Maji, ingawa hakuwahi kushika bomba. Alikuwa fundi wa bodi za magari. Alinyoosha mabati yaliyobonyea, akachomelea yaliyooza, akapaka rangi. Ila gari lako likiwa linaingiza maji ndani na hujui yanapitia wapi, hata wale mafundi wengine waliomchukia walikuelekeza kwake kwa kidole, kwa sababu kwa mdomo hawakutaka kumtaja.

Kuhusu maji alikuwa na imani zake, na alizisema kama mtu anayesema habari za jirani mbaya. Alisema maji ni mgeni mwongo, huingia kwa mlango wa jikoni na wewe unamkuta amekaa sebuleni. Ukiona kapeti imelowa chini ya mlango, usiushike mlango. Alisema silikoni ni sala ya mvivu. Usiulize gari limelowa wapi, uliza limelowa lini: wakati wa mvua au baada yake, likiwa limesimama au likitembea, likipanda au likishuka. Mtu asiyejua kujibu hayo alimfukuza akaliangalie gari lake kwanza, kama mwalimu anavyomrudisha mtoto aliyekuja bila kunawa.

Mpira wa maji hakuutumia. Alisema mpira unalowesha kila mahali kwa mpigo mmoja, ni kama kuwapiga watoto wote kwa kosa la mmoja. Alitumia birika la chai, la bati, lenye mdomo mrefu. Alimimina kidogo kidogo, akianza chini, akapanda juu pole pole, na baada ya kila mahali alisubiri. Na wewe mwenye gari alikufungia ndani, vioo vimepandishwa, ukae utazame. Hakumkubali dereva wako wala ndugu yako. Alisema jicho la kuajiriwa halioni maji. Birika nalo hakumpa mtu. Miaka yote niliyomjua sikuwahi kuona mkono mwingine ukimimina.

Kuna mchungaji mmoja wa huko kwetu Uriri aliyefungiwa ndani hivyo, katika gari lake dogo jeupe. Fundi akamimina chini, akasubiri. Akamimina kwenye milango, akasubiri. Mchungaji alikuwa ametoka mkesha, akalala usingizi mzito mdomo wazi. Birika lilipofika juu ya paa, pale penye mshono, tone likamwangukia kisogoni. Akaamka akisema haleluya. Fundi akainama kwenye kioo na kutuambia sisi tuliokuwa tumesimama, "Amebatizwa tena. Mshono wa paa." Mchungaji mwenyewe alicheka kuliko sote. Fundi hakucheka, alikuwa ameanza kumshuku fundi aliyeushona ule mshono.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake kubwa. Kila gari lililoingia yadi, kabla ya kulishika, alimshtaki fundi aliyepita. Hajamwona, hamjui jina, lakini alimwona katika nati iliyokazwa vibaya, katika rangi iliyopakwa juu ya kutu. "Huyu alikuwa na haraka," alisema. Au, "Huyu alijua, akafunika." Ilikuwa kama kumsikiliza askari akisoma nyayo.

Na binadamu walio hai aliwashuku vilevile. Tajiri akileta gari na kusema linavuja kidogo, alisema Fundi, jua huyo amekuwa akiendesha bwawa. Mimi aliniita tajiri alipotaka kunichoma, na *omera*, yaani ndugu yangu, alipotaka nimsaidie kusukuma kitu. Mimi nilimwita *jaduong'*, mzee, kwa sababu alinizidi umri na pia kwa sababu kumwita jina jingine kulikuwa kujitafutia hasara.

Sasa mtu kama huyo ungedhani analala juu ya vyombo vyake. Hapana. Sanduku lake la spana lilikaa yadi bila kufuli, mchana, jioni, hata Jumapili akiwa kanisani. Nilipomwuliza, akasema mwizi akiona sanduku liko wazi anadhani ni mtego. Sijui kama ni kweli, lakini hakikuibwa kitu. Jambo lingine ni hili: kanisani alikuwa mzee wa kanisa, na alikemea sana mambo ya *nyawawa*, zile pepo ambazo watu wetu husema hutoka ziwani na upepo wa jioni, na watu hupiga sufuria na mabati ili zipite zirudi zilikotoka. Fundi alisema ni upuuzi. Basi jioni moja upepo ukavuma, mji mzima ukaanza kugonga sufuria, nami nikiwa napita karibu na yadi nikamkuta Fundi amesimamisha mlango wa lori, anaupiga nyundo kwa nguvu zake zote, jasho linamtoka. Kesho yake nikamwuliza. Akaniambia bila kupepesa, "Nilikuwa nanyoosha mlango."

Nimelitaja hilo la nyawawa makusudi, kwa sababu ziwa ndilo lililonifikisha mikononi mwake mimi mwenyewe.

Pikapu yangu ni ya zamani. Nilipoinunua tayari ilikuwa imezeeka, nami sioni aibu kwa hilo, gari jipya hununuliwa na mshahara, la zamani hununuliwa na mtu. Nilikuwa naenda nayo Mbita kuchukua omena kwa akina mama wa pale ufukweni. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mnene, mwenye sauti ya kuita mashua, sisi wote tukimwita Mama Omena. Akina mama wengine walimfuata yeye. Alikopanda, walipanda. Alikokataa, hata ungewapa nini. Siku za soko alikuwa akiketi mbele pamoja nami mpaka Migori, mzigo ukiwa nyuma, na njia nzima ananifundisha namna ya kuoa.

Siku moja jua kali, hakuna wingu, tunashuka mteremko wa kuingia Homa Bay, nikakanyaga breki kwa sababu ya ng'ombe. Mama Omena akanyamaza katikati ya neno. Akatazama chini. Maji yalikuwa yamemwagika juu ya miguu yake, yamejaa viatu. Sikuwa nimebeba maji. Mvua ilikuwa imenyesha siku iliyotangulia, si siku hiyo. Akayagusa kwa kidole, akanusa. Kisha akanisogezea kile kidole puani.

Yalinuka samaki. Yalinuka ziwa kabisa.

Hakusema neno mpaka Migori. Aliporudi Mbita alipanda gari jingine, na juma lililofuata nilipofika ufukweni hakuna mama aliyeinua gunia. Waliniamkua vizuri, wakaniuliza habari za watoto, lakini magunia yalikuwa yameuzwa, kila gunia limeshauzwa, hata lile ambalo mtu alikuwa amelikalia. Nyuma yangu nikasikia neno likipita kutoka kinywa hadi kinywa: *pi nam*. Maji ya ziwa.

Msomaji asiye wa kwetu aelewe. Mtu aliyeanza na baiskeli akaishia na nyumba ya mawe, watu hutafuta alikopitia. Hawapendi kuamini ni miguu. Wanasema alikwenda visiwani, Mfangano au mbali zaidi, akachukua kitu kwenye maji, na siku moja maji yatakuja kudai chake. Mimi nilikuwa nimeyasikia maneno hayo na kuyacheka. Sasa maji yenyewe yalikuwa yamekuja, kwenye gari langu, siku ya jua, mbele ya mama ambaye neno lake lilikuwa sheria ufukweni. Bila omena ya Mbita sina biashara. Na bila jina, hata ukiwa na omena, nani atapika?

Nami nikaanza kushuku. Nilimshuku dereva niliyemfukuza mwaka uliopita. Nilimshuku mfanyabiashara mwenzangu wa Ogwedhi aliyekuwa akiitamani njia yangu. Nilidhani mtu anamwaga maji usiku, nikatia kufuli ya pili langoni. Nilipeleka gari kwa mafundi watatu, kila mmoja akapaka silikoni kuzunguka kioo cha mbele mpaka kikafanana na keki ya harusi. Maji yakaja. Ndipo nikaenda kwa Fundi, na hata yeye nilimshuku. Yeye ndiye aliyeninyooshea boneti miaka ya nyuma. Fundi anaweza kuacha tundu ili urudi. Basi nikachora alama ndogo za rangi kwenye skrubu zote za mbele, nijue atafungua nini nikiwa sipo.

Aliziona kabla sijazima injini. Akachukua brashi yake na rangi nyekundu, akatia alama zake kando ya zangu. "Sasa tumeshukiana vizuri," akasema. "Maji yanakuja lini?"

Nikamwambia yote. Mteremko, breki, siku ya jua, harufu. Akainua kapeti upande wa abiria, akachovya kidole katika maji yaliyobaki, akakitia mdomoni. Watu waliokuwa pale walinong'ona. Yeye alitema mate na kusema si ya rejeta, ya rejeta yana utamu na mafuta. Kisha akalizunguka gari, mikono nyuma, akasimama muda mrefu kwenye boneti, akiipapasa kama mtu anayepapasa mbavu za ng'ombe sokoni. Aliporudi hakuniita tajiri wala omera.

"Kabla sijashika spana, niambie mimi. Kuna kitu ulichukua ziwani?"

Damu ilinipanda. Nikamwambia kitu pekee nilichowahi kuchukua ziwani ni omena, na niliilipia.

"Tutaona," akasema.

Neno hilo lilinikaa kooni miaka mingi. Nilitegemea aseme anajua, au acheke. Alisema tutaona.

Akaniambia atafanya kazi kwa sharti moja. Nisiketi ndani mimi. "Wewe una haja na jibu. Niletee yule aliyelowa." Nikamwambia Mama Omena hawezi kulikaribia gari hilo. Akasema basi nalo litabaki hapo na maji yake. Ilinibidi nimtume mke wangu Mbita, maana mama yule alimheshimu, akambembeleze. Siku ya soko akaja, na wenzake nyuma yake, wamejifunga leso, kama watu waliokuja matanga na hawajui bado aliyekufa ni nani.

Kuketi ndani alikataa. "Baba, miguu yangu imeshaoga humo," akamwambia Fundi. Fundi akasema vizuri, basi asimame mlangoni, mlango wazi, atazame sakafu tu, asimtazame mtu. Kapeti na kiti vilikuwa vimeshatolewa. Fundi akachukua unga wa muhogo, akaupuliza kwenye bati lililo chini ya dashibodi, pale miguu ya abiria inapoelekea, mpaka bati lote likawa jeupe. Hapo mama mmoja akarudi nyuma. Unga mweupe ndani ya gari, asubuhi, mbele ya watu, si kitu cha kumtuliza mtu mwenye wasiwasi. Hata mimi nilitamani angetumia poda ya mtoto.

Akamimina birika mlangoni, akasubiri. Mama Omena akasema hakuna. Akamimina pembeni mwa kioo, akasubiri. Hakuna. Akamimina chini ya waipa, pale penye matundu ya kuingizia hewa, birika zima, akalijaza tena akamimina tena. Tukasubiri mpaka wenye haraka wakaondoka. Hakuna hata tone.

Nikasikia nyuma yangu mtu akisema, "Si umeona? Ya mvua hayaingii."

Fundi akachukua jeki. Akaiweka nyuma ya gari, akalipandisha, akalipandisha, mpaka pua ya gari ikainama kama linashuka mteremko wa Homa Bay. Mama Omena akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Yanakuja."

Yalikuja kutoka kwenye feni ya hewa, juu kulia, yakachora mstari mmoja mweusi katika ule unga mweupe, yakakusanyika sakafuni. Na harufu ikatoka, ile ile.

Fundi hakuonyesha furaha. Alifungua skrubu zenye alama zetu sisi wawili, akaondoa ule wavu wa chini ya waipa, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Kuna mfereji pale ndani, unaopokea maji ya kioo na kuyatoa kwa matundu madogo pembeni. Akapapasa. Akavuta. Mkono ulitoka na bonge la tope jeusi, majani, vumbi jekundu la Ogwedhi, na ndani ya lile tope, zikimetameta kama sindano, samaki. Omena. Nyingi.

Hapo akina mama hawakunong'ona tena. Walisogea nyuma kwa pamoja. Gari lilikuwa limezaa samaki mbele ya macho yao. Nami nikawaza kwamba nimejileta mwenyewe kwenye kesi na shahidi wangu amenimaliza. Nikamtazama Fundi anitetee. Hakunitazama. Aliliweka lile bonge juu ya kipande cha bati, akalipeleka kwa Mama Omena kama anayempelekea chakula.

"Mama, hii samaki unaijua?"

"Hiyo ni ya ziwa."

"Ya ziwa, ndiyo. Ilifikaje hapa? Ina miguu?"

Mama akaliinamia lile bonge.

"Nimeona kwa boneti," Fundi akasema. "Kuna alama ya neti. Rangi imeliwa na samaki, mpaka kwa waipa. Wewe ukingoja gari lipakiwe, ile omena yako haijakauka vizuri, unaianika wapi?"

Sikuwa najua. Nakula kiapo sikuwa najua. Nikifika Mbita mimi huenda kunywa chai na kuongea na watu wa mashua. Mama Omena aliitazama boneti, akawatazama wenzake, na wenzake wote wakatazama chini.

"Boneti yake ni moto," akasema. "Inakausha haraka kuliko mchanga."

Kisha lile tumbo lake likaanza kutikisika kabla sauti haijatoka. "Kumbe nilikuwa naosha miguu na mchuzi wangu mwenyewe," akasema, na yadi nzima ikaangua kicheko, mpaka mama wa kibanda akatoka nje na sufuria mkononi.

Fundi alifanya kazi iliyobaki kwa nidhamu yake. Alizibua matundu ya mfereji kwa waya wa breki ya baiskeli. Alikuta kutu imekula bati chini ya feni, akakata, akachomelea kipande kipya, akapaka dawa ya kutu na rangi. Silikoni yote ya wale mafundi watatu aliikwangua, akinisomea tabia za kila mmoja wao. Siku ya soko iliyofuata Mama Omena aliketi ndani mwenyewe, akafunga mlango kwa kishindo, akasema, "Mwaga." Fundi akamimina mpaka birika likachoka. Akainua jeki. Mama akashuka, akaonyesha nyayo zake kwa wenzake. Kavu.

Magunia yakarudi garini mwangu. Watu wakaacha pi nam, wakaanza kuniita Boneti, jina ambalo sikulikataa.

Lakini siku ile ile gari liliposhinda, mawingu yalikuwa yamefunga, nami nikamwambia Fundi apande nimfikishe nyumbani. Alitazama kiti cha abiria. Akafunga sanduku lake bila kufuli. "Nitatembea," akasema, na akatembea, mvua ikamkuta barabarani.

Nilidhani ni kiburi. Wiki iliyofuata nilimkuta stendi, nikasimama, akasema anamngoja mtu. Nilimkuta Rongo akiwa na magunia mawili ya makaa, nikasimama, akapanda bodaboda na magunia yake. Magari ya wengine alipanda. Nilimwona kwa macho yangu katika lori la mchanga. Langu tu ndilo alilolikataa, mwaka baada ya mwaka. Mtu aliyenisafishia jina mbele ya watu hakutaka kuweka mguu mahali alipopasafisha. Nikalikumbuka lile tutaona, na ule mlango wa lori alioupiga nyundo jioni ya upepo. Nikawaza: huyu mzee anaamini. Aliwaonyesha samaki, lakini moyoni anajua kitu kuhusu ziwa asichotaka kusema. Na kama Fundi anaamini, siku moja atafungua mdomo, na mdomo wake si wa mama wa ufukweni, ni mdomo wa fundi.

Hata nilianza kufikiri mambo ya kijinga. Usiku kitandani nilijiuliza kama kweli sikuchukua kitu ziwani.

Kuuliza sikuuliza. Mimi nimeuliza bei za ng'ombe kwa watu wenye mishale, lakini hilo sikuliuliza.

Macho ya Fundi yakaanza kufifia, akaifunga yadi, akarudi kwao, upande wa Homa Bay. Nikasikia anazeeka. Mara ya mwisho niliyomkuta ilikuwa mwaka huu, wakati wa mvua ndefu. Nilikuwa naelekea Mbita. Mvua ilikuwa inapiga mpaka waipa zinaomba radhi, nami nikamwona amesimama kwenye upenu wa kinu cha kusagia unga, upenu mwembamba usiomfaa mtu, amelowa magoti kushuka, akala zake za mpira wa gari amezishika mkononi. Nikasimama kwa mazoea tu. Nikashusha kioo, nikamwambia, "Jaduong', panda, ingawa najua hupandi."

Akaja hadi mlangoni. Akausikiliza mlango ukifunguka. Akapanda, pekupeku, akala mapajani, akafunga.

Sikutia gia mara moja. Nilimtazama. Alikuwa amekaza nyayo zake sakafuni, zote mbili bapa, vidole vimetawanyika, kama mtu anayesimama kwenye mtumbwi.

"Leo umepanda," nikasema.

"Mvua."

"Mvua imekupiga miaka yote hii ukilikataa gari langu."

Tukavuka daraja. Kisha akauliza, "Ulidhani naogopa ziwa?"

"Nilidhani unaniogopa mimi."

"Wewe?" Akatoa sauti puani. Huo ndio ulikuwa mcheko wake. "Sikia, omera. Gari likija limelowa, mimi nasema ni fundi aliyepita. Ndivyo nimekula ugali maisha yangu yote. Hili lako, fundi aliyepita ni mimi."

Nikamwambia halijawahi kulowa tena. Akasema watu wote humwambia hivyo, na kwamba mteja mwenye shukrani ni mwongo kuliko maji. Akasema kupanda kungemlazimu kujua, na alikuwa na kazi nyingi, hakuwa na nafasi ya kujua. Sasa hana kazi.

"Na siku ile uliniuliza kama nilichukua kitu ziwani," nikasema. "Ukasema tutaona."

"Si tuliona?"

Basi. Ndivyo alivyolijibu lile neno la miaka yote, kama mtu anayerudisha nati iliyoanguka.

Tulipofika mteremko wa upande huu wa Homa Bay, ziwa likiwa jeupe chini yetu kwa mvua, akainua mkono. "Breki." Nikakanyaga. Gari likainama pua. Alikuwa amefumba macho, anasikiliza kwa nyayo. "Tena." Nikakanyaga tena, na gari lililokuwa nyuma yetu likapiga honi na kututukana. Sakafu ilinyamaza.

"Vipi, jaduong'?"

"Bado," akasema. Yaani maji hayajaja bado, lakini yeye hajayafungia faili. Nikamteremsha mjini mbele ya duka la mtu wake. Hakusema asante. Alipapasa boneti alipokuwa anapita, akainusa mikono yake, akaenda.

Nilipofika Mbita mvua ilikuwa imekatika. Mama Omena, ambaye sasa anatembea na fimbo lakini bado anaita mashua kwa sauti ile ile, akafungua mlango wa abiria ili apande. Akasimama. Nami nikatazama alikotazama. Sakafuni kulikuwa na maji. Kisha nikaona yalivyokaa. Vidole vitano, na vidole vitano vingine, na visigino viwili. Zilikuwa nyayo alizopanda nazo kutoka mvuani.

"Hii ni nini tena?" akauliza mama.

"Ni ya Fundi."

Akanitazama. "Amepanda?"

"Amepanda."

Nikanyoosha mkono kuchukua kitambaa nipanguse. Akanipiga mkono kwa fimbo yake, si kwa nguvu. Akavua viatu, akapanda, akaweka miguu yake juu ya zile nyayo, akafunga mlango.